Kisu Kwanza au Vidole Kwanza? Kuhusu Uvimbe Usiojulikana kwa Watoto

Mtoto wa miaka minne anapoletwa hospitali akiwa na uvimbe mgumu mgongoni, ulioibuka siku chache baada ya kuanguka, daktari huwa na hofu moja kubwa, nayo ni saratani. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana mara nyingi hatua inayofuata haijadiliwi sana: mtoto hulazwa, hupewa dawa ya usingizi, na kinyama hukatwa na kupelekwa maabara. Hoja ninayoipima hapa ni kwamba, katika maradhi adimu ya mifupa na viungo, huko kukata ili kujua ni upasuaji kamili wenye madhara yake, na kwamba swali la nani akate, wapi, na baada ya kuangalia nini, haliwezi kuachwa hadi jibu la maabara litoke. Wapo wanaopinga, na hoja zao si nyepesi.

Tuanze na ugonjwa unaoipa hoja hii nguvu zaidi. Fibrodisplasia osifikansi progresiva, ambayo madaktari huifupisha kwa herufi FOP, humpata takriban mtu mmoja katika kila watu milioni moja hadi mbili. Mwili wa mwenye ugonjwa huu hugeuza misuli, kano na tishu laini nyingine kuwa mfupa halisi, kwa kawaida kuanzia shingoni, mgongoni na mabegani, kisha kushuka. Mfupa huo mpya huziba viungo, na kiungo kilichozibwa hakifunguki tena. Chanzo chake kiligunduliwa mwaka 2006 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani: ni badiliko dogo katika jeni iitwayo ACVR1, ambalo kwa wagonjwa wengi hutokea upya bila mzazi yeyote kuwa nalo. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba jeraha lolote kwenye msuli, liwe la kuanguka, la sindano au la kisu, linaweza kuamsha wimbi jipya la mfupa. Daktari akiukata uvimbe ili aupime, huenda ndiye anayekifunga kiungo alichokusudia kukiokoa.

Historia ya Harry Eastlack wa Philadelphia inaonyesha jambo hili bila kuhitaji maneno mengi. Alizaliwa mwaka 1933, akavunjika mguu akiwa mdogo, na katika miaka iliyofuata madaktari walimfanyia upasuaji mara kadhaa kuondoa mifupa iliyoota mahali pasipostahili. Mifupa ilirudi, tena minene zaidi. Alipofariki mwaka 1973 kwa nimonia, muda mfupi kabla ya kutimiza miaka 40, sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa imeungana, na mwishoni aliweza kuchezesha midomo tu. Aliagiza mwili wake upewe watafiti, na mifupa yake ingali katika Makumbusho ya Mütter mjini humo. Mifupa ya kawaida huhitaji kuungwa kwa waya ili isimame kwenye makumbusho. Ya Eastlack kwa sehemu kubwa ilijishikilia yenyewe.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wagonjwa 138 wa FOP, ulionyesha kwamba asilimia 87 walikuwa wameambiwa kwanza wana ugonjwa mwingine, mara nyingi saratani. Asilimia 67 walifanyiwa vipimo vya kukata au kuchoma mwilini ambavyo havikuhitajika. Na karibu nusu walisema walipoteza uwezo wa kusogeza kiungo moja kwa moja kutokana na vipimo au matibabu hayo. Tena jibu la maabara lenyewe linaweza kupotosha, kwa kuwa uvimbe mchanga wa FOP chini ya hadubini hufanana na uvimbe mkali wa tishu laini. Kwa hiyo wanaodai kwamba sampuli ndiyo hakimu wa mwisho hawana budi kukubali kwamba hakimu huyu naye hudanganyika, hasa asipoambiwa lolote kuhusu mgonjwa mzima.

Na mgonjwa mzima ana alama. Karibu kila mtoto mwenye FOP ya kawaida huzaliwa na vidole gumba vya miguu vilivyo vifupi na vilivyopinda kuelekea kidole cha pili, miguu yote miwili. Alama hiyo huonekana siku ya kwanza ya maisha, miaka kabla ya uvimbe wa kwanza. Kidole kilichopinda peke yake si ushahidi kamili, kwani wapo watoto wenye vidole vya namna hiyo wasio na ugonjwa wowote, lakini kidole hicho pamoja na uvimbe wa mgongoni vinatosha kumfanya daktari aweke kisu chini na kutafuta kipimo cha jeni, ambacho huhitaji damu kidogo au mate. Kinachokosekana ni mtu wa kumvua mtoto soksi.

Upande wa pili sasa. Wahenga hawatusaidii hapa, maana anayesema haraka haraka haina baraka hujibiwa papo hapo na anayesema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Osteosakoma, saratani ya mfupa inayowashika zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka, mara nyingi karibu na goti, huenea hadi kwenye mapafu. Kabla ya miaka ya 1970, ambapo tiba ilikuwa kukata mguu peke yake, wengi wa wagonjwa walifariki. Tibakemia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, ilipoongezwa, zaidi ya nusu ya wale ambao ugonjwa haujaenea walianza kupona, na wengi wakabaki na miguu yao. Faida hiyo yote inategemea kuwahi. Daktari wa hospitali ya wilaya anayeambiwa asikate hadi awe na uhakika ana haki ya kuuliza: ugonjwa ambao huenda nisiuone maisha yangu yote unawezaje kunizuia kuushughulikia ule ambao nina uwezekano mkubwa zaidi wa kuuona?

Swali hilo ni zuri, na jibu langu ni kwamba osteosakoma yenyewe inatetea tahadhari, ingawa kwa sababu nyingine. Chembe za saratani humwagika kwenye njia ambayo kisu au sindano imepitia, na njia hiyo yote inapaswa kuondolewa pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Mkato wa kupimia uliofuata urefu wa mguu, mahali ambapo daktari bingwa angepita, huondolewa bila shida. Mkato uliokingama juu ya goti, hata ukiwa mdogo na umeshonwa vizuri, huchafua pande mbili kwa mpigo, na mguu uliokuwa unaokoleka unaweza kulazimika kukatwa. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji wa mifupa Henry Mankin na wenzake huko Marekani walipitia wagonjwa 329, wakakuta asilimia 4.5 walikatwa kiungo bila sababu nyingine ila makosa ya kuchukua sampuli. Walirudia kazi hiyo mwaka 1996 na hali haikuwa imebadilika sana. Matatizo yalikuwa mengi zaidi pale sampuli ilipochukuliwa katika hospitali iliyotoa rufaa kuliko katika kituo kilichomtibu mgonjwa. Hii ilikuwa Marekani, penye barabara, bima na maabara.

Kwetu ndipo hoja inapokuwa ngumu kweli. Kusema sampuli ichukuliwe na yule atakayefanya upasuaji wa mwisho ni kusema, kwa Mtanzania, kwamba mgonjwa asafiri hadi hospitali kubwa ya rufaa: MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC Moshi, au Bugando Mwanza. Kwa familia ya mkulima, safari hiyo ina maana ya kuuza kitu, kuacha shamba, na kutafuta ndugu wa kufikia. Wengine hawaendi. Wengine hurudi kwa mganga wa kienyeji au kwa fundi wa kuunga mifupa, na uvimbe hukandwa na kuchuliwa, jambo baya kwa saratani na baya vilevile kwa FOP. Sampuli iliyochukuliwa wilayani, hata kwa mkato usio bora, ina faida moja isiyopuuzwa: familia ikionyeshwa karatasi iliyoandikwa saratani, hufunga safari. Nimeipima hoja hii kwa muda na sioni namna ya kuipuuza. Anayeamini kwamba rufaa peke yake ni tiba hajakaa kwenye foleni yake.

Hata hivyo naegemea upande wa kusubiri, kwa sharti kwamba mgonjwa asikalishwe tu huku picha zake zikiwa zimefungiwa kwenye kabati. Picha ya eksirei hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya, na kwa mfupa wenye osteosakoma mara nyingi inatosha kuzua shaka nzito: mfupa ulioliwa, utando wake ulionyanyuliwa pembeni kama pembetatu, miale inayotoka nje. Picha hiyo ikitumwa kwa simu kwa daktari bingwa siku hiyo hiyo, pamoja na picha ya miguu ya mtoto na maelezo ya lini uvimbe ulianza, jibu la iwapo akatwe pale alipo au asafiri linaweza kufika kabla ya basi la kesho. Na ikiwa safari haiwezekani kabisa, basi bingwa amwelekeze mwenzake mahali pa kupitisha sindano. Sindano nene, ikipita mahali palipokubaliwa, huacha njia nyembamba kuliko kisu. Lakini ikishukiwa FOP, hata hiyo isiguse.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu husemwa na watu wema. Kuna faida gani, wanauliza, kuujua mapema ugonjwa usio na tiba? Ni kweli kwamba FOP haijapata tiba ya kuiondoa. Palovarotene, dawa iliyoidhinishwa Canada mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023, hupunguza tu uotaji wa mfupa mpya, na inaweza kusimamisha mapema urefu wa mtoto, ndiyo maana Marekani haipewi wasichana walio chini ya miaka 8 wala wavulana walio chini ya miaka 10. Lakini orodha ya yanayoepukwa ni ndefu: sindano za msuli, ganzi ya taya kwa daktari wa meno, kunyoosha kiungo kwa nguvu, na kila upasuaji usio wa kuokoa maisha. Chanjo ya pentavalenti hudungwa kwenye msuli wa paja mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Vidole gumba vya miguu huonekana tangu leba, na nafasi ya kuviandika kwenye kadi ya kliniki ni mstari mmoja, ili muuguzi wa wiki ya 6 amwite daktari kabla ya kufungua bomba la sindano.