Wakataa Wengi wa Concord

Mwishoni mwa Julai 1846, katika mji mdogo wa Concord, Massachusetts, mwandishi Henry David Thoreau alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa. Hakutaka senti yake iende kwa serikali iliyolinda utumwa na wakati huo ilikuwa vitani na Mexico. Asubuhi akafunguliwa, maana kuna mtu alikuwa amemlipia. Wengi wanaamini alikuwa shangazi yake, Maria. Kisa hicho kimezunguka dunia, na insha iliyotokana nacho Gandhi aliisoma akiwa Afrika Kusini. Kisichosimuliwa sana ni kwamba siku chache baadaye, tarehe 1 Agosti, chama cha wanawake wa Concord waliopinga utumwa kilifanya mkutano wake wa mwaka mlangoni pa kibanda cha Thoreau kule Walden, kando ya ziwa dogo karibu na mji. Mama yake na dada zake walikuwemo kwenye harakati hizo miaka mingi kabla yeye hajalala jela.

Nayaweka matukio hayo pamoja kwa sababu mjadala kuhusu mwandishi Ralph Waldo Emerson, Thoreau na wenzao, wale walioitwa watransendentali kwa kuamini kwamba ukweli mtu huukuta ndani ya nafsi yake, kila mara hukwama palepale. Kuna wanaomwona asiyefuata mkumbo kuwa ndiye anayeiamsha jamii, na kuna wanaomwona kuwa mbinafsi aliyejaliwa kalamu nzuri tu.

Wanaomshuku Emerson hawahangaiki kutafuta ushahidi. Katika insha yake ya 1841 kuhusu kujitegemea anasema kipaji kikimwita atawaacha baba, mama, mke na ndugu. Anamgombeza mfadhili anayemchangisha na kusema inamuuma kutoa hata senti kwa maskini wasio wake, kisha anakiri kwa aibu kwamba wakati mwingine hushindwa na kuitoa. Anasimulia pia jinsi alivyoulizwa na mshauri mmoja: je, kama hizo sauti za ndani zinatoka kuzimu? Akajibu kwamba haoni hivyo, ila kama yeye ni mtoto wa Shetani, basi ataishi kwa Shetani. Kwetu tuliokuzwa na methali ya mkataa wengi ni mchawi, jibu hilo ni kama la mshitakiwa anayekiri kosa kabla hajasomewa mashitaka.

Hata hivyo mtu huyu hakuwa akicheza na maneno. Mwaka 1832 aliacha uchungaji wa kanisa lenye heshima huko Boston kwa kuwa dhamiri haikumruhusu kuendelea kuongoza Meza ya Bwana. Mwaka 1838 aliwahutubia wahitimu wa theolojia wa Harvard, akawaambia kwamba kanisa limemkuza Yesu mtu na kuisahau roho iliyomo ndani ya kila binadamu. Ilipita karibu miaka 30 kabla ya Harvard kumwalika tena. Na hiyo nafsi aliyoihubiri haikuwa tamaa ya tumbo. Aliamini kwamba anayezama ndani yake vya kutosha hukuta kilichomo ndani ya watu wote, na kwamba kukifikia hakuhitaji cheo wala ruhusa ya kasisi. Mwandishi mwenzao Margaret Fuller aliichukua hoja hiyo mwaka 1845 akaipeleka ambako wanaume wengi hawakutaka ifike: kama kila nafsi ina mwito wake, basi na wanawake waachwe wafanye kazi wanazozitaka, wawe hata manahodha wa meli. Fikra ya ubinafsi mtupu isingezaa dai kama hilo.

Tatizo ninaloliona mimi liko kwenye matunzo: nani aliwatunza watu hawa. Thoreau alikaa Walden kwenye ardhi ya Emerson, kwa shoka la kuazima, na marafiki walimsaidia kusimamisha fremu ya nyumba iliyomgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Emerson naye alikuwa na kipato cha urithi wa mke wake wa kwanza, Ellen, aliyefariki mwaka 1831. Haya wakosoaji huyataja kwa kejeli, na kejeli hiyo naiona rahisi mno, maana habari za shoka na marafiki Thoreau mwenyewe ndiye aliyeziandika. Fruitlands ndiko mambo yalikoharibika kweli. Mwaka 1843 mwenzao Bronson Alcott alihamia kwenye shamba hilo na familia na wenzake ili waishi bila dhambi ya dunia: pamba hawakuvaa kwa sababu ililimwa na watumwa, sufu nayo waliiona kuwa mali ya kondoo. Baridi ilipofika jaribio likafa. Miaka mingi baadaye binti yake Louisa, aliyekuwa na miaka 10 wakati ule, aliandika hadithi ya kuwakejeli. Ndani yake mgeni anauliza kama shamba lina mnyama yeyote wa kubeba mizigo. Mke wa mwenye nyumba anamjibu: yupo mmoja tu, mwanamke.

Lakini kama kipimo ni utumwa, suala zito kuliko yote ya zama zao, mizani inayumba kwa namna ya ajabu. Chama cha wanawake wa Concord kilianza mwaka 1837, na Lidian, mke wa Emerson, alikuwa miongoni mwao. Emerson mwenyewe alijikokota. Ndani ya insha ya 1841 anadai kuna watu wa roho moja naye ambao kwa ajili yao angekwenda hata jela. Thoreau alipoingia jela, kwa mujibu wa shajara ya Alcott, Emerson alikiona kitendo hicho kuwa duni na cha kujificha. Wanawake ndio waliomwalika ahutubie siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika visiwa vya Karibi vya Waingereza, tarehe 1 Agosti 1844. Siku hiyo Thoreau aliipiga kengele ya kanisa kwa mikono yake mwenyewe ili watu waje. Hapo sauti ya ndani ilisubiri kusukumwa na kikundi.

Anayetaka kukitetea kikundi asikimbilie kushangilia, kwa kuwa wanawake wale nao walikuwa wakataa wengi. Walio wengi waliwakilishwa na Bunge la Marekani, ambalo mwaka 1850 lilipitisha, kwa kura na taratibu zote, sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka. Emerson aliandika kwenye shajara yake kwamba hataitii. Mwaka 1854 Anthony Burns, aliyekuwa ametoroka Virginia, alisindikizwa na askari mitaani Boston hadi melini, arudishwe utumwani. Umoja wa taifa ulilindwa siku ile, na sijui mtetezi wa jamii dhidi ya mtu mmoja angesema nini akiwa amesimama kando ya barabara hiyo.

Wiki chache baadaye, tarehe 4 Julai, Thoreau alipanda jukwaani Framingham kuishambulia Massachusetts kwa tendo lile, akasema mawazo yake kwa serikali ni mauaji. Mkutano uliandaliwa na chama cha Massachusetts cha kupinga utumwa. Chama ndicho kilichomtafutia umati wa kumsikiliza, ingawa maneno makali kiasi kile chama chenye kamati kisingeyapitisha kirahisi.