Alama A kwa Riwaya Ambayo Hakuisoma

Mwezi uliopita nilikwenda Morogoro kumpongeza mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita na kupata alama A katika somo la Kiswahili. Dada yangu alipika pilau, jirani wawili watatu wakaja kula nasi, na baada ya chakula, kwa kuwa mimi sijui kunyamaza panapotajwa vitabu, nikamwuliza binti ni riwaya ipi kati ya alizosoma iliyomgusa zaidi. Akajibu bila kusita kwamba ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Nilifurahi kama niliyepewa zawadi mimi, maana hiyo ndiyo riwaya ambayo kwa maoni yangu kila anayejua Kiswahili anapaswa kuisoma walau mara moja kabla hajafukiwa. Nikamwuliza, "Na Mwajuma je, ulimwonaje?" Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa adabu zote, "Mjomba, Mwajuma ni mhusika mdogo. Sisi hatukumsisitiza."

Hawakumsisitiza! Nikaomba nikione hicho walichokisisitiza, naye akaniletea kauntabuku iliyochakaa pembeni, imejaa madesa, yaani muhtasari wa kujibia mtihani, aliyoyanakili kutoka kwa wenzake, ambao nao walikuwa wameyanakili kwa waliowatangulia. Riwaya nzima ilikuwa imelazwa katika kurasa tatu na nusu. Dhamira ya kwanza, ndoa za kulazimishwa. Dhamira ya pili, ukombozi. Dhamira ya tatu, ubaguzi. Kisha migogoro, kisha ujumbe, kisha falsafa ya mwandishi, ambayo ilielezwa kwa sentensi moja inayoweza kubandikwa kwenye riwaya yoyote duniani bila mtu kugundua. Kitabu chenyewe hakuwa nacho, na nilipombana zaidi alikiri kwamba hajawahi kukishika kwa zaidi ya kipindi kimoja, kwa sababu darasa zima lilikuwa na nakala mbili na moja ya hizo ilikuwa haina kurasa za mwisho.

Sina ugomvi na mtoto. Yeye ametimiza alichoombwa, tena kwa ufanisi mkubwa. Swali la mtihani humtaka mwanafunzi atumie riwaya mbili kati ya alizosoma na atoe hoja tatu kwa kila riwaya, na mwenye hoja tatu zilizonyooka atapata alama zake hata kama Yasmin, yule msichana wa Kihindi anayeibeba riwaya, kwake ni jina tu, ilhali yule aliyekesha na kitabu, akacheka, akaudhika, akakifunga kwa hasira na kukifungua tena, hana mahali pa kuyaandika hayo kwenye karatasi ya majibu. Ninaogopa kwamba tumelea kizazi kizima cha watu wanaoamini kwa dhati kwamba wamesoma riwaya, na kwa kuwa wanaamini wamekwisha kuzisoma, hawatazigusa tena maisha yao yote. Asiyeijua kabisa Vuta N'kuvute ana matumaini, maana siku moja anaweza kuiokota mahali. Mwenye madesa amekwisha kufungiwa mlango, na ufunguo anao mfukoni akidhani ni cheti.

Nakala yangu mimi niliinunua miaka mingi iliyopita kwa mmoja wa wale wanaotandaza vitabu chakavu chini, pembezoni mwa barabara, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi, na katika kurasa za mwanzo amepiga mistari kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwa herufi kubwa: NDOA YA KULAZIMISHWA, TAMATHALI, TASHBIHA, NDOA YA KULAZIMISHWA TENA. Inaendelea hivyo kwa kurasa thelathini na kidogo, halafu wino unakatika, na kuanzia hapo mpaka mwisho kurasa ni safi kabisa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba alichoka. Siku hizi napenda kufikiri kwamba hapo ndipo alipoanza kusoma.

Basi niseme ni kitu gani ambacho zile kurasa tatu na nusu zimekiacha nje. Yasmin ana umri wa miaka kumi na mitano na Bwana Raza, mwenye duka, ana miaka hamsini na miwili. Ukisema "ndoa ya kulazimishwa" umesema kweli, lakini umesema kama karani anayejaza fomu. Adam Shafi hakumfanya Raza kuwa zimwi. Laiti angemfanya zimwi, tungelala usingizi, tungesema watu wabaya wapo na huyu ni mmoja wao. Raza ni mfanyabiashara wa kawaida ambaye hakuna mtu katika jamii yake aliyewahi kumwambia kwamba analolifanya lina kasoro, na msichana hana hata neno la kulieleza chukizo lake kwa watu ambao wote wameridhika. Ubaya usio na mbaya ndani yake ni vigumu kuupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa kijana na nilimchukia Raza. Nilipoirudia juzi nikiwa na mabinti wawili ndani ya nyumba yangu, niliwachukia zaidi waliokwenda kula biriani ya harusi.

Kisha kuna huyo Mwajuma asiyesisitizwa. Yasmin anapoikimbia ndoa, jamaa zake wenyewe wanamfungia mlango, kwa kuwa aibu ya familia ni nzito kuliko mtoto wa familia, na anayempokea ni mwanamke Mwafrika wa Ng'ambo, asiye na mali wala jina, ambaye hakuwa na wajibu wowote kwake. Anamlaza chumbani kwake, wanagawana kilichopo, na katika kukaa huko Yasmin anajifunza kuwa mtu. Kama mna haja ya kuijua Zanzibar ya miaka ya 1950, ile iliyokuwa imepangwa kwa rangi na asili kama bidhaa kwenye rafu, msianzie kwa Inspekta Wright na askari wake. Anzieni katika chumba cha Mwajuma. Hapo wanawake wawili ambao serikali ya kikoloni, dini za watu na desturi za mitaa vilikubaliana kwamba hawapaswi kukaa pamoja, wanakaa pamoja, wanacheka, na wanaendelea kuishi. Bila chumba kile, Yasmin asingekutana kabisa na Denge, mpenzi wake, na riwaya isingekuwepo. Huyo ndiye mhusika mdogo.

Niliwahi kutoka Mji Mkongwe kwa miguu, nikapita Darajani, nikaingia Ng'ambo, kwa sababu tu nilitaka kuupima kwa hatua zangu mwendo wa Yasmin. Pale Darajani ulikuwepo mkono wa bahari ulioutenga mji wa mawe na upande wa pili, hata upande huo ukaitwa ng'ambo. Siku hizi maji hayapo, yamefukiwa, umebaki msongamano wa magari na wauza matunda. Sikutoka hata jasho. Mwendo ambao mtu mwenye ndala anaumaliza kabla sigara haijaisha, Yasmin aliulipia kwa ukoo wake wote. Sijaona dhamira hiyo kwenye desa lolote.

Na Denge naye, ambaye madesa yanamwita "mwanamapinduzi, mwenye msimamo, anafaa kuigwa", ni mtu aliyerudi kutoka masomoni Urusi akiwa na mawazo ambayo wakoloni hawakuyataka yafike bandarini, na maisha yake yote ni kujificha, kukimbia, kuaga bila kuaga. Uzuri wa Adam Shafi ni kwamba siasa yake ina mwili. Watu wake wanapigania uhuru lakini pia wanacheza ngoma, wanakunywa, wanataniana, wanapendana na watu wasiofaa kwa wakati usiofaa. Kuna riwaya zetu nyingi za miaka ya Azimio la Arusha ambazo mhusika hupenga kamasi na kutoka hotuba, na ninawaheshimu walioziandika, lakini sitamwambia mtu azisome.

Halafu lugha! Jina lenyewe la kitabu ni somo. Ile alama ya ritifaa katika "N'kuvute" ni "ni" iliyomezwa kama watu wanavyoimeza wanaposema, vuta nami nikuvute, na wachapaji wa madesa wameifuta bila huruma, wakaandika "Vuta Nkuvute" kama jina la kituo cha basi. Najua kuna watakaosema nagombania kijidoa cha wino. Ndiyo, ninakigombania, kwa sababu mtu asiyekiona kijidoa hicho juu ya jalada hataisikia sauti ya Kiunguja iliyomo ndani, na sauti hiyo ni nusu ya riwaya.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila mtaala riwaya hii iliyotoka mwaka 1999 huenda isingekuwa inachapishwa tena na tena, na kwamba shule ndizo zinazowaweka hai wachapishaji wetu wachache. Nakubali pia kwamba kitabu ni ghali kuliko kurasa tatu na nusu za fotokopi, na kwamba mwalimu mwenye wanafunzi mia na nakala mbili hawezi kufanya miujiza. Wapo pia wanaoniambia wameiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Ni filamu nzuri, picha zake zinapendeza mno, na mwenyewe niliitazama mara mbili, lakini filamu imechota ndoo moja kisimani na kisima bado kipo. Wasomaji wa Kenya nao wasinicheke, maana "mwongozo" wa riwaya teule kwao ni biashara kubwa kuliko riwaya zenyewe.

Huulizwa mara kwa mara niitaje orodha yangu kamili, na huwa nasita, kwa sababu orodha ndefu humfanya mtu ajisikie amesoma kwa kuipitia tu. Lakini ukinishikia kisu nitasema usife bila kuisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku shuleni, na baadaye ikarudi shuleni kwa kishindo, kama vile Rosa alikuwa amebadilika tabia akiwa kifungoni. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed isome polepole, maana sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayojua ardhi namna hiyo. Kuli, ya Adam Shafi huyohuyo, itakupeleka kwenye mgomo wa wachukuzi wa bandarini Unguja wa mwaka 1948. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert wengi huiona ya kizee, na mimi niliiona hivyo mpaka nilipochoka na kazi ya ofisini. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla ni ya kusomwa siku ya mvua, pamoja na Bwana Msa na kiko chake. Siku Njema ya Ken Walibora mnaijua. Na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, isome hata kama uliisoma kwa Kiingereza, kwa sababu Yusuf, mtoto aliyetolewa kwa ajili ya madeni ya babaye, anapozungumza Kiswahili hatimaye anazungumza lugha yake.

Narudi Morogoro. Siku ile niliagana na mpwa wangu nikiwa nimemwachia nakala yangu ile yenye wino mwekundu, jambo ambalo si la kawaida kwangu, kwa maana vitabu vyangu siazimi hata kwa ndugu wa tumbo moja. Nilimwambia hakuna mtihani, hakuna hoja tatu, na akichoka ukurasa wa kumi akifunge, nitakifuata. Wiki mbili zilipita kimya. Dada yangu akaniambia binti anashinda na kitabu jikoni na kwamba maharage yameungua mara moja, taarifa ambayo niliipokea kwa masikitiko ya uongo.

Juzi usiku akanipigia. Baada ya shikamoo hakuuliza hali, akaingia moja kwa moja: "Mjomba, huyu Denge mimi simpendi." Nikamwuliza kwa nini, nikiwa nimeanza kukasirika, maana Denge nimempenda tangu ujana. "Anajua kuikomboa nchi," akasema, "lakini hajui kumwambia Yasmin anakwenda wapi. Kila siku ni Yasmin anayesubiri." Nikamweleza habari za makachero, za hatari, za mtu anayewindwa ambaye siri ndiyo pumzi yake, na kwamba kumwambia mpenzi wake kila kitu kungekuwa kumtia kitanzi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba Mwajuma naye alikuwa katika hatari, na Mwajuma alifungua mlango. Tulibishana hivyo karibu saa nzima, yeye akinisomea kurasa ambazo mimi nilikuwa nimezisahau, mpaka salio likamwishia katikati ya sentensi. Nimemtumia vocha ili aimalizie, ila kuhusu Denge sijakubali.