Niliruka Ua Nikifuata Ua

Kabla sijafika kwenye yale ya alfajiri, lazima nikiri habari ya samadi. Bila samadi mama jirani angekuwa bado ananisalimia, na kama angekuwa ananisalimia ningepita mlangoni kwake kama binadamu.

Bustani yangu ni kipande cha nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kwa nane. Mvua za kwanza za mwaka ule zilinikuta mkulima mpya, na mkulima mpya ana ugonjwa mmoja: anaamini kitu kizuri kikizidishwa kinakuwa kizuri zaidi. Nikasikia mbolea ya kuku ina nguvu. Nikaleta magunia manne, mbichi, bado ina moto wake, nikaimwaga karibu yote siku moja. Wiki haikuisha, miche ya nyanya ikababuka kama imepitishwa juu ya jiko. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Inatakiwa ilundikwe, igeuzwegeuzwe, ikae miezi kadhaa mpaka ipoe na iache kunuka.

Neno zito hapo ni kunuka. Mvua iliponyesha juu ya yale magunia manne, harufu ilivuka ua, ikaingia kwa jirani, ikakaa sebuleni kwake kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi. Mama jirani, ambaye kwa umri ni sawa na mama yangu mzazi, alikuja akasimama mlangoni, pua kaiziba, akasema maneno matatu tu:

"Mwanangu, nani kafa?"

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa la pili. Toka siku hiyo tukawa tunapishana bila hata kukohoa.

Msidhani bustani ilinipa aibu tu. Kila asubuhi natoka na kikombe changu cha chai, naenda kukagua matuta kama jenerali, ingawa jeshi lenyewe ni vitunguu. Nainama kutazama jani lililofunguka usiku kana kwamba nimelifungua mimi. Siku ya kung'oa karoti nilimwita mke wangu aje na kamera. Zikatoka zenye miguu miwili, miwili, kwa sababu sikuyavunja mabonge ya udongo na ile samadi ilikuwa bado imo. Moja ilikuwa imekunja nne kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Tulizila zote. Ile iliyokunja nne ilikuwa tamu kuliko zote, sijui kwa nini.

Kiangazi kikaja, nyanya za awamu ya pili zikaanza kuoza kitako. Leo nazimwagilia kama nataka kuzizamisha, siku nne zinazofuata nimesahau. Maji yakienda kwa kubahatisha namna hiyo, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, na chini panageuka peusi. Nikatandaza majani makavu kushika unyevu, nikaanza kumwagilia kwa ratiba, tatizo likapungua. Nikajiona mtaalamu. Hapo ndipo boga lilipokuja kuniadhibu.

Sikulipanda. Mmea ulichipuka wenyewe kwenye lundo la mboji, kutokana na mbegu tulizotupa pamoja na maganda. Hayo ndiyo maotea, na maotea yana kiburi: ulichopanda kwa kamba na vipimo kinakufa, kilichojiotea kinakimbia. Mvua ziliporudi, ule mmea ulivuka bustani, ukapanda pipa la maji, ukashuka upande wa pili, ukapata upenyo chini ya ua wa mbao na kuingia kwa mama jirani bila hodi. Nilichoshindwa mimi kwa miezi minane, boga liliweza kwa wiki tano.

Ukatoa maua. Makubwa, ya manjano, kumi na moja kwa siku moja! Nikaanza kuyagawa maboga kichwani: hili la shangazi, hili la ofisini. Kesho yake maua yote yalikuwa yamenyauka na hakuna kilichobaki nyuma.

Kumbe boga lina ua dume na ua jike mbalimbali, na madume hutangulia, pengine wiki nzima, kama vijana waliowahi kwenye harusi kabla viti havijapangwa. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, basi. Jike utalijua kwa kiboga kidogo kama gololi kilichokaa chini ya petali zake. Linafunguka alfajiri, linafumba kabla ya adhuhuri, na likifumba ndiyo imetoka hiyo. Chavua, yaani ule unga wa manjano wa ua dume, ni nzito na inanata, upepo hauiwezi; lazima nyuki. Na nyuki hawatoki kwenye mvua. Sasa wiki ile mvua ilikuwa ikianza usiku na kumaliza mchana. Majike mawili ya kwanza yalikaa yakingoja wageni ambao hawakufika, viboga vyake vikageuka rangi, vikalainika, vikadondoka.

Jike la tatu nililiona jioni, kupitia ufa wa mbao. Lilikuwa kwa mama jirani, hatua tatu ndani ya ua wake. Lilikuwa bado limefumba, lakini ncha imeshapata umanjano, dalili kwamba kukicha litafunguka.

"Nenda ukamwombe," mke wangu akasema.

"Nimwambieje? Kwamba kesho kabla ya jua nakuja kuoza maua?"

Alifikiri kidogo. Baada ya ile samadi, mama jirani asingelisikia neno kuoza kwa maana ya ndoa.

Usiku ule, kujitia moyo, nilisoma habari za Edmond Albius. Alikuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841, na umri wake ulikuwa miaka 12. Mivanila ililetwa kutoka ng'ambo, ikastawi, ikachanua, lakini haikuzaa, maana wadudu wa kwao hawakuja nayo. Wakubwa wakawa wanaitazama tu. Yule mtoto akachukua kijiti, akainua kile kiwambo chembamba kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike ndani ya ua, akazikutanisha kwa kidole gumba. Likazaa. Mpaka leo vanila inachavushwa kwa mkono kwa njia ileile. Nikajiambia: mtoto wa miaka 12, tena katika utumwa, na mimi mtu mzima naogopa mbao za futi tano?

Saa kumi na moja alfajiri nikatoka. Mvua ilikuwa imekatika ila baridi ilikuwa kali, kwa hiyo nilijifunika shuka jeupe la kitandani. Ndiyo, najua. Nikachuma ua dume, nikazing'oa petali, likabaki kikonyo na kile kidole cha katikati kilichojaa chavua. Mikono yote miwili ilihitajika kupandia, hivyo nikalibana lile dume kwa meno, kama wale wacheza dansi.

Mguu wa kwanza ukavuka vizuri. Wa pili ukavuka. Shuka halikuvuka. Lilinasa kwenye msumari, likanivuta, nikageuka hewani na kutua kwa magoti katikati ya masufuria yaliyokuwa yameanikwa. Ukitaka kujua idadi ya masufuria ya jirani yako, hiyo ndiyo njia ya hakika: ni saba, na ndoo moja.

Taa ikawaka. Mama jirani akatokea na fagio la kijiti, kalishika kwa mikono miwili.

"Nani wewe?"

Malezi ni kitu kibaya. Badala ya kukimbia, nikamwamkia. "Hihahoo, haha," nikasema, ua likiwa mdomoni.

Fagio likapanda juu. Nikalitema ua kiganjani. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, halafu akazidi kukasirika, maana nimemlazimisha kuitikia. "Unafanya nini hapa usiku?"

"Nimefuata ua."

Hapa naomba tusimame kidogo tuilaumu lugha yetu. Neno moja, ua, limebebeshwa kile kitu kizuri kinachochanua, kile kizuizi ambacho nilikuwa nimetoka kukiruka, na amri inayowapeleka watu gerezani. Ngeli zingeniokoa. Ningesema "ua hili", mambo yangeishia pale. Lakini mtu aliyepiga magoti kwenye masufuria, shuka jeupe likining'inia nyuma yake, hana muda wa upatanisho wa kisarufi.

"Unafuata nini?"

"Ua! Ua tu, mama! Ua!"

Akarudi nyuma hatua mbili. "Anasema aue! Wee, amka! Amka huku!"

Kijana wake wa mwisho akatoka, nguo kaivaa nyuma mbele, kashika pasi. Pasi! Labda ndiyo ilikuwa karibu. Nilipoona pasi akili yote ikanihama, nikabaki na kile nilichosoma usiku.

"Si mimi wa kwanza!" nikapiga kelele. "Hata Edmond alifanya hivihivi!"

"Edmond nani? Mama, wako wawili!"

"Edmond..." Nilitaka kueleza kwa ufupi, kitaalamu, kuhusu ua la mvanila. Pumzi ikakatika. Nikaishia hapa: "Edmond! Ua!"

Sikumbuki vizuri nani alianza kupiga kelele. Nadhani tulipiga wote watatu. Taa za nyumba za jirani zikawaka moja baada ya nyingine. Dakika chache watu wakawa wanamulika tochi uvunguni mwa gari, nyuma ya tangi, juu ya mti, wakimtafuta Edmond. Mzee mmoja alisema amemwona akikimbilia upande wa barabara, na kwamba ni mrefu.

Sauti iliyonikomboa ilitoka juu ya ua. Mke wangu alikuwa amepanda pipa, kidevu kwenye mbao, uso wa mtu aliyechoka.

"Mwacheni. Ni wangu," akasema. "Ni mambo ya maboga."

Akawaeleza. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza, kwa sentensi nne, na zote zilikuwa na upatanisho wa kisarufi. Watu wakanyamaza. Mama jirani akanitazama, akaitazama ile chavua iliyonipaka mdomo wote manjano, akalitazama lile ua jike lililokuwa likifunguka taratibu pembeni ya masufuria.

"Kwa hiyo huyo Edmond hayupo?"

"Alishafariki, mama. Karne iliyopita ile nyingine."

"Mungu amrehemu," akasema. Akateremsha fagio. "Haya. Fanya ulichokuja kufanya, tukalale."

Sijawahi kufanya kazi ya bustani mbele ya hadhira. Watu kama kumi na tano, tochi zote zimenielekea, hakuna anayekohoa. Nikapiga goti. Nikalichukua lile dume, ambalo kwa ukweli lilikuwa limepondeka kidogo, nikalizungusha polepole ndani ya jike ili chavua ishike pande zote. Ikishika upande mmoja tu, boga hukua limepinda au halikui kabisa. Kimya kile kilikuwa kizito. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akinong'ona, "Watoto, ingieni ndani."

Nilipomaliza, mtu mmoja alipiga makofi mara mbili, akaona aibu, akaacha.

Siku ya nne kile kiboga kilikuwa bado kijani, kimekaza. Siku ya kumi kilikuwa kama ngumi. Najua hayo kwa sababu mama jirani ndiye aliyekuwa akinitangazia kupitia ufa wa mbao, ufa uleule. "Ngumi mbili sasa!" Alilitandikia nyasi kavu chini lisioze kwa unyevu. Mvua ikizidi anakwenda kuliangalia na mwavuli, na mwavuli hauwi wake yeye. Akaliita Edmond. Mtaani wakawa wanauliza, "Edmond hajambo?", na mzee yule wa tochi bado anaapa alimwona akikimbia.

Siku ya 52 nilipita mlangoni, nikabisha hodi, nikakaribishwa. Nikaliminya ganda kwa ukucha, ukucha haukuingia. Kikonyo kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama mti. Nikakata nikiacha kipande cha kikonyo, maana likikatwa sawasawa na ganda huanza kuoza hapo hapo. Tukagombana kidogo kuhusu nusu ipi ni kubwa. Mimi nilisema mzizi uko kwangu; yeye akasema tumbo lilikuwa kwake, na pia masufuria mawili hayajanyooka mpaka leo. Akachukua nusu kubwa. Mbegu tukagawana kwa kuhesabu.

Msimu uliofuata kila mmoja alipanda zake. Za kwake, kwa kuwa aliitumia vizuri ile samadi yangu iliyobaki, iliyokwisha poa, zilizidi kuchanua. Za kwangu zilikuwa na madume mengi, kama kawaida yangu. Wiki moja mvua ikagoma tena kukatika.

Alfajiri moja nikasikia kishindo nje, kisha ndoo ikibingirika. Nikafungua dirisha. Katikati ya vitunguu vyangu palikuwa na kijana amepiga magoti, nguo kaivaa nyuma mbele, kitu cha manjano kimebanwa kwenye meno.

"Hihahoo," akasema.

"Marahaba," nikajibu, nikarudi kulala.