Si kila hitilafu ni shoti

Pita kwa mafundi wa Langoni, hapa Lamu. Taa ya mashua haiwaki: "imepiga shoti." Redio imenyamaza: shoti. Sola haichaji: shoti. Kijana anayeanza kujifunza analibeba neno hilo, na siku zote anatafuta waya ulioungua hata pale ambapo hakuna kilichoungua.

Shoti ni chanya na hasi kugusana kabla ya kufika kwenye taa. Mkondo unapanda ghafla, fyuzi inakatika. Kwetu pwani mara nyingi tatizo ni kinyume chake: chumvi imekula shaba, kiungo kimeota kutu ya kijani, njia imebana, na fyuzi iko nzima. Mpe mwanafunzi mita apime kwenye holda ya taa. Balbu ikiwa imetolewa anasoma volti 12.6, akiirudisha, zinashuka hadi 9. Apime sasa kwenye vichwa vya betri, swichi ikiwa bado imewashwa: 12.5. Volti tatu na nusu zimepotelea njiani, kwenye ukinzani wa kile kiungo, yaani jinsi kinavyouzuia mkondo kupita. Hapo ndipo pa kumtamkia neno "ukinzani" mara ya kwanza, ncha za mita zikiwa bado mkononi mwake. Ukiliandika ubaoni wiki mbili kabla, atalikariri tu.

Neno "moto", wanaloliita umeme mafundi, nalo lina madhara yake. "Moto ni mdogo" ina maana gani, volti (msukumo) au ampea (mkondo)? Asiyezitenganisha hupima mkondo, akaacha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha akaenda kupima volti za betri. Kwenye tundu hilo ukinzani wa mita ni mdogo sana, kama wa kipande cha waya. Hiyo sasa ndiyo shoti yenyewe: cheche, fyuzi ya mita kwisha, na kwa zile mita za bei rahisi zisizo na fyuzi kwenye tundu hilo, nyaya kuyeyuka mkononi.

Kuhusu Kiswahili sanifu na maneno ya dukani, sioni sababu ya ugomvi. Kifaa kidogo cha kupunguza mkondo ni rezista, kwa sababu ndivyo kinavyoombwa dukani. Tabia yake ni ukinzani. Yote mawili yanahitajika. Tuseme unachagua rezista ya LED, ile taa ndogo: nyekundu huchukua kama volti 2, betri ina 12, zinabaki 10. Kwa mkondo wa ampea 0.02, gawanya 10 kwa 0.02: ukinzani wa omu 500. Chukua ya 560, yenye mistari ya kijani, buluu na kahawia, ambayo rangi zake ndizo zinazosoma thamani hiyo. Mkondo utakuwa kama miliampea 18.

Aliyefundishwa tu kwamba "rezista inapunguza moto" hana pa kuanzia hesabu hiyo. Akikuta betri ya volti 24 ataweka ileile ya 560. Mkondo utafika miliampea 39, LED itakufa mapema, na rezista ya robo wati itabebeshwa karibu wati 0.9, hadi mistari yake iungue na fundi atakayekuja baadaye asiweze kuisoma.