Ndege ya saa 6 au meli ya wiki mbili?

Kituo cha utafiti cha Afrika Kusini huko Antaktika, SANAE IV, kimejengwa juu ya mwamba wa Vesleskarvet, zaidi ya kilomita 4,000 kusini mwa Cape Town. Ndege huruka saa 6 hivi hadi viwanja vya barafu vya ukanda ule. Meli ya S.A. Agulhas II hutumia siku 10 mpaka 15. Ndiyo maana wapo wanaouliza: mtafiti apandishwe meli ya nini?

Kwa mjiolojia swali hilo lina haki. Kiangazi cha kule ni kifupi, na kila wiki ya kulala kebinini akitapika ni wiki aliyoikosa maweni. Barafu nayo haina ratiba. Meli hii hukata barafu ya mita 1 kwa mwendo wa noti 5 (kilomita 9 hivi kwa saa), lakini upepo ukiisukuma na kuibana, inabidi irudi nyuma, ijitupe mbele, irudi tena. Rojo la barafu likiziba matundu ya kuvutia maji ya bahari, injini hukosa maji ya kupoozea.

Ndege hata hivyo haibebi mafuta ya mwaka mzima ya jenereta. Hayo huja kwa meli, hupandishwa juu ya ukingo wa barafu, kisha matrekta huyaburuta kwa sleji zaidi ya kilomita 150. Jua likilainisha uso wa kiwanja, ndege nayo husubiri.

Na safari yenyewe ni kazi. Njiani hurushwa baharini kipimajoto cha kutupwa, kinachozama hadi mita 760 kikifumua waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Hurushwa upande wa demani, upepo unakoelekea: ukirushia joshini, unakotoka, upepo hulaza waya ubavuni mwa meli, vipimo vinaruka ovyo, na kipimajoto kimepotea bure. Kina hukokotolewa kwa sekunde za kuzama, na saa huanza yenyewe kipimajoto kinapogusa maji. Ndege ya kupeleka watafiti kituoni haifanyi kazi hii, na Bahari ya Kusini ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya kaboni yetu inayoingia baharini.

Ila watetezi wa meli tunaficha jambo moja. Kushusha fremu ya chupa za kuchotea sampuli za maji hadi mita 4,000 kwa mita 1 kwa sekunde, kwenda na kurudi, ni zaidi ya saa 2 meli ikiwa imesimama. Ikichelewa barafuni, saa hizo ndizo hukatwa kwanza, kwani shehena ya kituo haingoji. Meli inayofika bila vipimo imebaki lori la mafuta.

Watafiti wa nchi kavu na wapande ndege. Kebini zao wapewe wa bahari, na saa za vipimo ziandikwe kwenye ratiba kama shehena nyingine yoyote, nahodha akijua kabla ya kuondoka gatini ni vituo vipi vya vipimo haviguswi.