Machozi Yangu Atanirudishia Nani?

Mwaka 1999 nilifiwa. Marehemu ni Chewbacca, lile jitu la manyoya la filamu za angani za Star Wars. Hakuugua, hakupigwa risasi. Aliangukiwa na mwezi. Ndiyo, mwezi! Ulivutwa kutoka angani ukaishukia sayari ya Sernpidal naye akiwa palepale chini, ametoka kumwokoa mtoto wa mwisho wa rafiki yake Han Solo. Yamo yote kwenye Vector Prime, riwaya ya kwanza ya mfululizo wa The New Jedi Order. Nilifunga kitabu nikabaki kuukodolea macho ukuta.

"Mbona umenywea hivyo?" mke wangu akauliza. "Kuna msiba?"

"Chewbacca kafariki."

"Huyo ni wa upande wa mama yako au baba?"

Nikavumilia. Nikasoma mfululizo wote, vitabu 19 mpaka 2003, pamoja na wale wavamizi wa Yuuzhan Vong wasiotaka kuona mashine, hata chombo chao cha angani ni kiumbe hai. Kusema kweli kuna vya katikati vilinichosha. Lakini ukishazika mtu mahali, kuhama si rahisi.

Halafu Mara Jade. Aliingia mwaka 1991 kwenye riwaya ya Timothy Zahn akitaka kumuua Luke Skywalker, shujaa wa filamu zile za kwanza, akaishia kuolewa naye. Ndoa hiyo niliisimamia mimi, kwa moyo. Wakapata mtoto, Ben. Mwaka 2007 wakamuua Mara, na muuaji ni mtoto wa wifi yake! Nikalia tena.

Basi, Aprili 2014 wenye haki za hadithi wakatangaza kwamba riwaya zote hizo sasa zinaitwa Legends, yaani ngano. Filamu mpya hazitazifuata. Kwa Kiswahili chepesi: hayo hayakutokea. Mwezi haukuanguka, Mara hakufa kwa sababu hakuwahi kuzaliwa, na mimi nilikuwa nalia peke yangu kama mwehu.

Filamu ikaja 2015. Nani namwona? Chewbacca, mzima, manyoya yote yapo! Nikataka kumkumbatia. Sijakaa vizuri, Han Solo akachomwa upanga wa mwanga na mwanawe wa kumzaa, anayeitwa, sikiliza vizuri, Ben. Jina la mtoto wa Luke wamelichukua wakampa mtoto wa jirani! Luke mwenyewe yuko peke yake kisiwani, ndevu zimeota mvi, hana mke, hana mtoto.

Mke wangu akanigeukia: "Si ulisema aliyekufa ni yule wa manyoya?"

Utamjibu nini?

Kinachoniuma zaidi ni Thrawn, yule jemadari wa ngozi ya buluu. Naye alitoka kwenye kitabu kilekile cha 1991, akafutwa siku ileile pamoja na wenzake. Mwaka 2016 akarudi kwenye katuni, na 2017 Zahn akamwandikia riwaya mpya, halali kabisa. Kumbe mlango wa nyuma upo! Mara Jade yeye hakuujua?

Juzi nimeianza hiyo ya Thrawn. Nimefika ukurasa wa 60, na mpaka sasa sijazoeana na mtu humo. Tunasalimiana tu.