Taa ya Uani Ndiyo Inayosingiziwa

Jamani, nyumba ya kupanga yenye luku moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni mtihani. Vyumba sita, hapa hapa Ngamiani, Tanga, kila chumba kinachanga elfu tano, halafu hakosekani wa kupita koridoni akifoka: "Nani kaacha taa ya uani?" Taa yenyewe LED ya wati 9. Iwake magharibi mpaka alfajiri, saa 12 nzima, inakula kama sehemu moja ya kumi ya uniti.

Anayefoka sasa! Ndiye mwenye hita ya ndoo. Tanga hii, joto la kukaanga mtu, yeye anaoga maji ya moto. Ndoo ya lita 20, kuyatoa maji nyuzi 27 yafike 42, inataka uniti 0.35. Taa ya uani ingewaka kama saa 39 kwa umeme huo. Tena anachomeka kwanza ndipo anatumbukiza, na hita ikipata moto nje ya maji inaungua mara moja. Kisha anaonja joto kwa kidole, plagi bado iko ukutani. Chomoa kwanza, baba, ndipo utie kidole!

Chumba cha tatu wanauza barafu. Sisi tunachanga, wao wanauza. Friji limebanwa ukutani, mgongo haupumui, mpira wa mlango umekakamaa. Fungia noti mlangoni uivute: ikichomoka kama imepakwa mafuta, baridi nayo inavuja hivyo hivyo, mota hailali. Ndani barafu imeganda unene wa kidole. Zima iyeyuke yenyewe. Ukiichokoa kwa kisu ukatoboa bomba, gesi inaondoka, unabaki na kabati la vyombo.

Yuko na wa pasi. Wati 1000, asubuhi kanzu moja, mchana gauni moja, kila safari chuma kinaanza upya kupata moto. Si ukusanye nguo za wiki? Zima kabla hujamaliza, mitandio inanyooka kwa moto uliobaki.

Walaji ni vya kuchemsha na vya kugandisha, si hapa tu. Uingereza, tarehe 4 Julai 1990, nusu fainali ya Kombe la Dunia na Ujerumani Magharibi ilipoisha kwa penalti, watu wakainuka kwenda kuchemsha chai. Mahitaji ya umeme yakaruka megawati 2,800 kwa mkupuo. Bwawa letu la umeme la Nyerere, mashine zote zikizunguka, ni 2,115! Chai hiyo, jamani, wala haina hiliki.

Halafu mtoto anafokewa kwa balbu.

Wenyewe husema Tanga waja leo waondoka leo. Uniti ndizo zilizoshika usemi huo. Saa tano usiku giza, tarakimu 20 za luku zinabonyezwa kwa tochi ya simu, ya kumi na tisa inakosewa, na wa hita katoa kichwa mlangoni: "Bado tu? Maji yangu yanapoa."